Sura ya Sita: Nani Aliyemtuma Mjumbe?

Rabi Haim Yosef David Azulai alikuwa na umri wa miaka 29 alipoondoka Hebroni mwaka 1753 kwenda kuwaombea watu wake msaada. Hebroni ilikuwa chini ya Dola ya Uthmaniya, na Wayahudi wa mji ule, wengi wao Wasefardi wa uzao wa waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, walikuwa wamezama kwenye madeni. Maliwali walidai kodi bila kuchoka, riba ya wakopeshaji ilizidi kupanda, na ndani ya mtaa wao mdogo kulikuwa na wajane, yatima, wazee waliohamia ili wazikwe katika nchi takatifu, na wanazuoni ambao maisha yao yote yalikuwa kusoma Torati. Azulai alizunguka Italia, Ujerumani, Uholanzi, Uingereza na Ufaransa. Akarejea. Miaka ya 1770 akatumwa tena, safari hii akipitia Tunisi kabla ya kuvuka bahari. Hakurudi kuishi Hebroni. Alitulia Livorno, bandari ya Italia yenye Wayahudi wengi matajiri, akafia huko mwaka 1806.

Wajumbe wa namna yake walikuwa wengi. Kwa karne kadhaa miji minne, Yerusalemu, Hebroni, Safed na Tiberia, iliishi kwa fedha zilizoletwa na watu hawa. Walifika Morocco, Yemen, Baghdad, Kochi ya India, na hata ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki: mwaka 1773 Rabi Haim Isaac Carigal, mzaliwa wa Hebroni, alihubiri kwa Kihispania katika sinagogi la Newport, koloni la Rhode Island, mbele ya Wayahudi na Wakristo waliokuja kumsikiliza. Miaka minne baadaye alifariki Barbados.

Msomaji anaweza kuuliza habari hizi zimefuata nini katika kitabu kinachohusu Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria. Naomba anivumilie kidogo, maana ni vigumu kuelewa namna ziwa letu lilivyoombewa fedha ughaibuni bila kwanza kujua kazi hii ilivyofanywa na waliokuwa wameizoea.

Mjumbe wa Wasefardi hakuondoka mikono mitupu. Alibeba barua ya utambulisho iliyotiwa saini na marabi wa mji wake, mara nyingi ikiwa imeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza, ikieleza shida iliyowafika na kumthibitisha aliyetumwa. Alibeba mkataba unaotaja sehemu ya makusanyo itakayokuwa ujira wake, kwa kuwa naye alikuwa ameacha mke na watoto. Na alibeba daftari. Kila alikofika, viongozi wa jumuiya waliandika humo kwa mikono yao wenyewe kiasi walichotoa, wakaweka saini. Fedha zenyewe mara nyingi zilipitia kwa wafanyabiashara wa Livorno au Istanbul, lakini daftari lilirudi nyumbani. Waliomtuma walilifungua na kujumlisha. Kwa hiyo mjumbe alikuwa na watu wa aina mbili wa kumhoji: waliompa, ambao walimkagua kabla ya kufungua mkoba, na waliomtuma, ambao walimsubiri na hesabu.

Walikuwapo matapeli waliojifanya wajumbe, na kwa sababu yao wale wa kweli waliteseka. Shajara ya Azulai, inayoitwa Ma'agal Tov, ina kurasa nyingi za fedheha: matajiri wanaomweka barazani, viongozi wa miji ya Ujerumani wanaotilia shaka barua zake, jumuiya zinazompa kidogo ili aondoke haraka. Ina pia furaha ya msafiri, kwa mfano pale anapoelezea London na Paris kwa macho ya mtu aliyetoka vilimani. Ninachokipenda zaidi katika habari zake ni kwamba hakuwa ombaomba tu. Alikuwa mwanachuoni mkubwa wa zama zake. Alikofika alitoa hukumu za sheria, alifundisha, alisoma maandiko ya kale kwenye maktaba, na aliwaambia watoaji habari za nyumbani. Aliomba akiwa amesimama wima.

Mjini Istanbul, kuanzia miaka ya 1720, kamati ya Wayahudi wakubwa ilijitwika deni la Yerusalemu na kuiwekea kila familia wajibu wa kuchangia para moja, sarafu ndogo ya Kituruki, mara kwa mara. Kidogo kidogo hujaza kibaba, na Wasefardi walilijua hilo vizuri. Lakini nguvu ya mpango mzima ilitoka mahali pengine: maskini ndio waliomtuma mjumbe. Walimchagua kutoka miongoni mwao, walimjua kwa jina la baba yake, na walikuwa na uwezo wa kumwambia, ulisema nini kuhusu sisi?

Pwani yetu iliombewa kwa njia nyingine.

Machi 1875 Henry Morton Stanley aliondoka Kageye, kijiji cha pwani ya Ghuba ya Speke, akiwa ndani ya mashua yake ya Lady Alice, akalizunguka ziwa hadi kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Huko aliandika barua kwa gazeti la Daily Telegraph akiwataka Waingereza walete wamisionari. Mutesa alikuwa na sababu zake za kutaka wageni. Majeshi ya Misri yalikuwa yanamkaribia kutoka kaskazini. Barua ilichapishwa London Novemba 15, 1875, na ndani ya siku chache shirika la wamisionari wa Kianglikana, CMS, lilipokea ahadi ya pauni 5,000 kutoka kwa mtu ambaye hakutaka jina lake lijulikane. Muda mfupi baadaye fedha zilikuwa zimeongezeka mara kadhaa.

Fedha nyingi namna hiyo, kwa sababu ya barua moja ya gazeti! Hakuna mwenyeji wa Kageye aliyejua kwamba nchi yake imeelezwa hivyo, wala hakuna wa Ukerewe aliyeambiwa kwamba wageni wanakuja na mashua na vifaa vya chuma. Msafara uliofadhiliwa na michango ile ulifika kusini mwa ziwa mwaka 1877. Daktari wao, John Smith, alikufa Kageye Mei mwaka huohuo. Desemba, Luteni Shergold Smith na mwenzake O'Neill waliuawa Ukerewe na watu wa Mtemi Lukonge, katika ugomvi uliohusu jahazi na mfanyabiashara aliyeitwa Songoro, ambaye naye aliuawa. Watoaji wa Uingereza walisoma habari hizo kama kifo cha mashahidi wa imani. Wakerewe walikuwa wanaona jambo jingine kabisa: mtu mwenye deni kwa mtemi wao anauza chombo, na wageni wenye bunduki wanasimama upande wake. Hakukuwa na mtu wa kuzikutanisha hadithi hizo mbili.

Alexander Mackay, fundi wa Kiskoti aliyebaki hai katika kundi lile, ndiye aliyelifahamu ziwa kuliko wenzake. Alipofukuzwa Buganda mwaka 1887 alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, akaendelea kuchapa vitabu, kufua chuma na kuandika barua ndefu nyumbani. Alikufa huko Februari 8, 1890. Mackay angestahili sura yake mwenyewe, lakini mtu ninayemfuata hapa ni mwingine.

Charles Lavigerie alikuwa padre kijana na mhadhiri wa Paris alipokabidhiwa shirika lililokuwa likikusanya fedha kwa ajili ya shule za Wakristo wa Mashariki. Mwaka 1860, baada ya mauaji makubwa ya Wakristo huko Lebanoni na Damasko, alichangisha Ufaransa nzima, kisha akasafiri mwenyewe kugawa misaada. Yaani alijifunza kazi hii katika nchi zilezile walikotoka wajumbe wa Kiyahudi, ila yeye alielekea upande wa pili: alitumwa na waliotoa kwenda kwa waliopokea. Naona tofauti hiyo ilimfuata maisha yake yote.

Mwaka 1867 alifanywa Askofu Mkuu wa Algiers, akakuta njaa na kipindupindu vikiua watu kwa maelfu. Akaokota yatima, akaomba fedha Ulaya kwa ajili yao, na mwaka 1868 akaanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao sisi tunawaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Miaka kumi baadaye, msafara wao wa kwanza ulifika Kageye. Walivuka hadi Buganda mwaka 1879, wakaondoka mwishoni mwa 1882 Mutesa alipowachosha kwa ukigeugeu wake, na wakajijenga Kamoga, Bukumbi, kusini mwa Mwanza ya leo.

Nataka msomaji apaone Bukumbi. Ukitoka mjini Mwanza ukashika barabara ya kusini kuelekea Misungwi, unakata kulia na kushuka taratibu kuelekea majini. Ardhi ni ya kichanga, mawe makubwa yamepandana, mashamba ya mihogo na pamba yamekwenda hadi karibu na matete. Hapo ndipo mwaka 1883 mapadre walipotua na yatima wao, wengine wakiwa watoto waliokombolewa utumwani kwa vitambaa na shanga. Hapo Kabaka Mwanga alipata hifadhi alipopinduliwa mwaka 1888 na kuwakimbia Waarabu wa Magu. Hapo pia Jean-Joseph Hirth aliwekwa wakfu kuwa askofu Mei 1890. Leo kuna parokia, hospitali, na kituo cha wazee na wasiojiweza. Mahali hapa pameishi kwa kusaidiwa, na kwa kusaidia, kwa zaidi ya miaka 140.

Chakula cha watoto wale kilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka Lyon. Mwaka 1822 wanawake na wafanyakazi wa mji huo, akiwamo Pauline Jaricot, walianzisha Shirika la Uenezaji wa Imani kwa mtindo rahisi mno: kila mwanachama atoe su moja, sarafu ndogo kabisa ya Kifaransa, kila wiki. Wanachama walipangwa kumi kumi, kila kumi na kiongozi wake anayezunguka kukusanya, na makumi yakaunganishwa kuwa mamia. Mtanzania aliyekua enzi za balozi wa nyumba kumi hahitaji maelezo zaidi. Mwaka 1843 likaongezwa Shirika la Utoto Mtakatifu, ambamo watoto wa Ulaya walitoa senti zao kwa ajili ya watoto wa nchi za mbali. Mshona hariri wa Lyon na mtoto wa Ubelgiji hawakuwa matajiri, na katika hili naona undugu na para ya Istanbul. Sadaka ya maskini kwa maskini ni jambo zito, popote ilipotoka.

Halafu ukafika mwaka 1888. Lavigerie, sasa Kardinali, alipata baraka za Papa Leo XIII na kuanza kampeni dhidi ya biashara ya watumwa. Julai 1 alihubiri katika kanisa la Saint-Sulpice, Paris. Julai 31 alikuwa London, ukumbi wa Prince's Hall. Agosti 15 alikuwa Brussels, kanisa la Mtakatifu Gudula. Alikuwa mzee, mgonjwa wa baridi yabisi, mwenye ndevu nyeupe na sauti iliyotikisa kuta. Alisoma barua za mapadre wake wa Maziwa Makuu: misafara yenye minyororo, mama anayeuawa kwa sababu hawezi kubeba mtoto na pembe ya ndovu kwa pamoja, vijiji vilivyobaki majivu.

Aliyosema yalikuwa kweli. Mwambao wetu ulikuwa na masoko ya watu, Magu na Kageye zilikuwa njia, na wapo Wasukuma na Wakerewe waliouza jirani zao. Sina subira na watu wanaotaka kulipunguza jambo hili ili kumpinga mmisionari. Lavigerie aliwaamsha watu waliokuwa wamelala.

Lakini maneno yaliyosemwa mbali na wanaohusika hayana wa kuyazuia yanakokwenda. Ujerumani ilikuwa ndiyo kwanza imeingia matatani na Bushiri bin Salim na watu wa pwani waliokataa kampuni yao ya kikoloni. Chansela Bismarck alihitaji fedha za vita na hakuwa na hakika kwamba Wakatoliki bungeni wangemkubalia. Oktoba 1888 mkutano mkubwa ulifanyika Köln, Wakatoliki na Waprotestanti wakikaa pamoja kwa ajili ya watumwa wa Afrika. Desemba, Ludwig Windthorst, kiongozi wa chama cha Wakatoliki, alipeleka bungeni hoja ya kupinga biashara ya watumwa. Januari 1889 bunge likaidhinisha mark milioni 2, na Hermann Wissmann akatumwa na jeshi la kukodi. Desemba mwaka huo Bushiri alinyongwa Pangani.

Na bado. Kamati ya Kijerumani ya kupinga utumwa iliendesha bahati nasibu mwaka 1891 ili kupata fedha zaidi, na kwa ufadhili wa kamati hiyo Oscar Baumann aliongoza msafara wake uliofika pwani ya Ziwa Victoria mwaka 1892. Mwaka huohuo Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza. Mtu aliyenunua tiketi Berlin kwa huruma ya mtoto mtumwa alikuwa amechangia, bila kujua, ramani na misafara ya utawala uliokuja kututoza kodi ya kichwa. Siwezi kumtupia Lavigerie mzigo wote huu. Yeye aliota askari wa kujitolea wa Kikristo, na hata ndoto hiyo haikudumu. Ila hakuwa na wa kumhoji kutoka Bukumbi. Daftari lake liliandikwa Ulaya, na likafungwa Ulaya.

Hata ukombozi wa watoto kwa fedha ulikuwa na kovu lake. Mnunuzi mpya sokoni, hata awe mtakatifu, ni mnunuzi. Bei hupanda, na mwindaji hurudi porini. Mapadre wenyewe waliliona tatizo hili na kulijadili katika barua zao. Nani angeweza kuwaambia watoaji jambo hilo bila woga? Adrien Atiman labda. Alikuwa mtoto wa karibu na Timbuktu, akauzwa Jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadre Weupe, akapelekwa kusomea udaktari Malta, na kuanzia 1889 hadi alipofariki 1956 aliwatibu watu wa Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika. Mtu wa namna hiyo angeweza kusimama Paris na kusema, mimi ndiye mnayeambiwa habari zangu, niulizeni. Wengi wa wenzake waliombewa kwa miaka bila kupewa nafasi ya kusema neno.

Papa Leo aliifanya huruma ile kuwa desturi. Novemba 20, 1890 aliagiza kwamba kila mwaka, siku ya Epifania, sadaka ikusanywe katika makanisa yote ya Katoliki kwa ajili ya kupambana na utumwa Afrika. Lavigerie alifariki Novemba 1892. Tutaikuta tena sadaka hiyo.

Wakati wa uhuru, hali ya wajumbe ilianza kubadilika, na badiliko hilo unaliona ukisimama popote katikati ya mji wa Mwanza na kuinua macho kwenye kilima cha Bugando. Hospitali ya hapo ilijengwa na Kanisa Katoliki kwa msaada mkubwa wa Misereor, shirika lililoanzishwa na maaskofu wa Ujerumani mwaka 1958 baada ya Kardinali Joseph Frings wa Köln kupendekeza waumini wajinyime wakati wa Kwaresima. Ndiyo, Köln ileile ya mkutano wa 1888. Safari hii fedha zilijenga wodi. Mwalimu Nyerere aliifungua Novemba 1971, serikali ikaichukua mwaka uliofuata, na mwaka 1985 ikairudisha mikononi mwa Baraza la Maaskofu.

Maaskofu wale sasa walikuwa Watanzania. Walipoamua kwamba Kanda ya Ziwa haiwezi kuendelea kusubiri madaktari kutoka Dar es Salaam, walihitaji chuo, na chuo kilihitaji fedha ambazo Mwanza haikuwa nazo. Mmoja wa waliozitafuta alikuwa Padre Peter Le Jacq wa shirika la Maryknoll, daktari aliyesoma Chuo Kikuu cha Cornell na kufanya kazi Bugando. Alirudi kwa waliomfundisha New York na kuwaeleza. Sanford Weill, mtoto wa familia ya Kiyahudi ya Brooklyn aliyekuja kuwa mkuu wa benki ya Citigroup, na mkewe Joan, ambao jina lao lilikuwa tayari kwenye kitivo cha udaktari cha Cornell, walijitokeza kusaidia. Chuo kilianza mwaka 2003 kikiwa na wanafunzi wachache sana wa udaktari, na baadaye kikaitwa Weill Bugando. Leo kinajulikana kama CUHAS, Chuo Kikuu Katoliki cha Sayansi za Afya, na madaktari wake wametapakaa kuanzia Kagera hadi Mara na kwingineko.

Tazama nafasi ya Le Jacq. Alikuwa mgeni kama Lavigerie, lakini alikuwa ameishi wodini na alirudi wodini, na kazi aliyoiombea fedha ilikuwa mali ya baraza la maaskofu wa nchi. Aliyeuliza maswali ya hesabu alikuwa Mwanza pia, si New York pekee. Hapo mjumbe anaanza kufanana na yule wa Hebroni.

Anayefanana naye kabisa, hata hivyo, alitoka upande wa pili wa ziwa, na ni Myahudi. Habari zake zinaanzia kwa Semei Kakungulu, jemadari aliyezaliwa Kooki na kuitumikia Buganda kisha Waingereza, ambaye aligombana na wakubwa wake, akaisoma Biblia kwa makini, na mwaka 1919 akajitahiri yeye na wanawe karibu na Mbale. Ndivyo walivyoanza Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda. Kakungulu alikufa 1928. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao miaka ya 1970, wengi waliiacha. Waliobaki walihesabiwa kwa mamia, wakisali kwa siri kwenye vibanda vya udongo. Walikuwa wakulima wa kahawa na ndizi, wasio na shule, sinagogi la maana wala rabi.

Kuanzia miaka ya 1990, Wayahudi wa Marekani walipoanza kuwatembelea, Abayudaya walipokea wageni na kisha wakatuma watu wao. Vijana wao walikwenda Marekani kwa ziara zilizoandaliwa na shirika la Kulanu, wakiimba zaburi kwa Kiganda kwenye masinagogi ya New York, Chicago na California, na kueleza habari zao kwa midomo yao wenyewe. Gershom Sizomu alikwenda Los Angeles kusoma, akapewa daraja la urabi mwaka 2008, akarudi nyumbani Nabugoye, karibu na Mbale. Baadaye majirani zake, wengi wao wasio Wayahudi, walimchagua kuwa mbunge. Shule zao za Hadassah na Semei Kakungulu zinapokea Wayahudi, Waislamu na Wakristo kwa pamoja, na kituo cha afya kinamhudumia yeyote anayefika.

Mwenzake katika Abayudaya, Joab Jonadab Keki, maarufu kama J.J., alikuwa New York Septemba 11, 2001, asubuhi minara ile miwili ilipoangushwa. Alirudi Mbale na wazo ambalo, kwa maoni yangu, linazidi mahubiri mengi. Aligonga milango ya majirani zake Waislamu na Wakristo, na mwaka 2004 wakaunda ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera. Kampuni ya Thanksgiving Coffee ya California ikainunua kahawa yao kwa bei inayomfaa mkulima. Mjumbe aliyeondoka akiomba akarudi akiuza. Nawafahamu watu wa Kanda ya Ziwa walioishi na pamba na kahawa ya Kagera, na najua wanavyojua tofauti ya mambo haya mawili kwenye mfuko na kwenye shingo ya mtu.

Sisemi kuomba ni aibu. Azulai aliomba, na alikuwa bora kuliko wengi waliompa. Ninachosema ni kwamba mwenye shida akimtuma mwenyewe mtu wake, anayejua jina la kila mjane, na akamsubiri mlangoni na hesabu, fedha huja na hadhi yake. Akizungumziwa na mwingine, hata huruma ya kweli inaweza kugeuka bunduki njiani.

Na ujuzi huo tunao hapahapa. Keti Jumamosi asubuhi katika jumuiya ndogondogo yoyote ya Mwanza, Nyakato au Igoma, baada ya rozari. Mweka hazina anafungua daftari lenye jalada gumu, kurasa zimegawanywa kwa rula. Anasoma: Mama fulani elfu mbili, Mzee fulani elfu moja, fulani bado. Anayelazwa Bugando ametengewa kiasi fulani. Wawili wamechaguliwa kukipeleka. Jumamosi ijayo watasimama kueleza walimkutaje na stakabadhi iko wapi. Kuna minong'ono, kuna anayebisha, kuna anayetaka hesabu irudiwe. Hakuna anayeona ajabu. Ndivyo Hebroni ilivyofanya.

Ile sadaka ya Epifania bado ipo. Na Shirika la Utoto Mtakatifu, ambalo sarafu za watoto wa Ulaya zilipitia humo kuja kuwalisha yatima wa misheni kama Bukumbi, sasa lina matawi katika parokia za Mwanza, Sengerema na Ukerewe. Watoto wenyewe huandamana na sare zao, huimba, na kutumbukiza shilingi mia na mia mbili kwenye kapu. Sehemu ya sadaka hiyo huingia kwenye mfuko wa pamoja wa dunia, ambako majimbo yenye shida, ya Asia, ya Amerika Kusini, ya Afrika kwingine, huandika maombi yao. Watoto wa Ukerewe wana haki ya kuuliza ilikwenda kwa nani, na mtu mzima aliyewashikia kapu ana wajibu wa kuwajibu.